Babu nisamehe, ni mimi niliyefungua dripu!

KUNA watu wana siri za mapenzi, na kuna watu wana siri za madeni. Mimi siri yangu ni ya dripu. Nimekaa nayo muda mrefu, nikila nayo, nikilala nayo. Leo nimeamua kuitoa hapa hapa mbele yenu, wasomaji wangu, kwa sababu nimechoka. Shangazi, kama gazeti hili limekufikia huko Mbagala, tafadhali kaa chini kwanza kabla hujaendelea kusoma.

Basi bwana, ilikuwa Jumamosi. Babu yangu alikuwa amelazwa wodi ya wanaume katika hospitali moja ya hapa jijini. Umri miaka 78, moyo umechoka, presha ya siku nyingi, na safari hii nimonia ilikuwa imemwangusha kabisa. Babu enzi zake alikuwa dereva wa malori. Barabara ya Dar mpaka Tunduma aliijua kona kwa kona kama mimi ninavyoijua njia ya chooni kwetu. Lakini siku hiyo alikuwa amelala chali, hajala siku mbili, na mkononi amechomekwa dripu ya nusu lita.

Shangazi alikuwa amekesha naye. Mchana ule aliondoka kwenda nyumbani kuoga na kupika uji, mimi nikaachwa zamu. Kabla hajatoka alininyooshea kidole: "Usibanduke hapo mpaka chupa iishe. Ikiisha mwite nesi. Mimi nitarudi jioni."

Sasa hapo ndipo shetani alipopata mlango. Mwenzenu siku hiyo nilikuwa na miadi. Kimwana mmoja wa Sinza, ambaye nilimhangaikia miezi miwili nzima, hatimaye alikuwa amekubali tukutane saa 11 jioni. Shati nilishalinyoosha tangu asubuhi. Mfukoni nilikuwa na hela za kukopa. Nikiangalia saa, ni saa 9 alasiri. Nikiangalia chupa, bado imejaa robo tatu! Tone linadondoka, linapumzika, linafikiria, halafu linadondoka lingine. Kama bomba bovu la mtaani kwetu.

Kilichonitia wazimu zaidi ni jirani. Kitanda cha pili kulikuwa na kijana mmoja wa bodaboda, aliyeletwa asubuhi hoi kwa kuharisha na kutapika, macho yameingia ndani, ngozi ukiivuta hairudi. Huyo dripu yake ilikuwa haidondoki, ilikuwa inamiminika! Chupa ya kwanza ilikwisha, ikaja ya pili, ikaja ya tatu, na kijana akaanza kufungua macho na kuulizia pikipiki yake. Nikajisemea, kumbe inawezekana. Kumbe kwa babu yangu ni uvivu tu wa manesi. Au kwa vile ni mzee, hawamjali.

Basi nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Pale kwenye mpira wa dripu kuna kigurudumu kidogo. Ukikisukuma chini mpira unabanwa, ukikisukuma juu unaachia. Nani asiyekijua? Nikakisukuma juu mpaka mwisho. Matone yakageuka mstari. Nikakaa kwenye kiti nikatoa simu, nikamwandikia mtoto wa Sinza: "Niko njiani."

Sikuwa njiani popote. Babu ndiye aliyekuwa njiani.

Baada ya kama dakika 20 nikasikia kikohozi. Kikohozi chenyewe si kile cha siku zote. Hiki kilikuwa cha majimaji, kama mtu aliyepaliwa na chai. Babu alikuwa anajaribu kuinuka, hawezi. Kifua kinapanda na kushuka haraka haraka, jasho linamtoka, midomo imebadilika rangi. Alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo, akajaribu kusema kitu, pumzi ikamkatalia.

Wajameni, niliita nesi kwa sauti ambayo wodi nzima iligeuka.

Alikuja Sista mmoja wa makamo, mnene kiasi, miwani imening'inia kifuani. Hakuniangalia hata kidogo. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye ule mpira. Akafunga kigurudumu, akampakata babu kumkalisha, akaniagiza niweke mito mgongoni na miguu niishushe chini ya kitanda. Mwenzake akaja na oksijeni. Kisha ndipo akaniuliza, taratibu tu:

"Nani amegusa hii dripu?"

"Sijui, Sista."

Ndiyo, nilisema hivyo. Sitawadanganya. Babu yangu anatafuta pumzi, na mimi natafuta pa kujificha.

Yule mama akavaa miwani yake akanikazia macho. "Sikiliza, mwanangu. Sina muda wa kukugombeza. Daktari anakuja sasa hivi, ataniuliza mgonjwa ameingiza maji kiasi gani na kwa muda gani. Nikimpa jibu la uongo, naye atatoa dawa ya uongo. Imefunguliwa saa ngapi?"

Nikajikuta nasema, "Saa 9 na dakika 5. Ni mimi."

Hakunipiga kofi, ingawa nililistahili. Akageukia chupa. Ubavuni ilibandikwa plasta ndefu nyeupe yenye mistari ya kalamu, kila mstari na saa yake. Mimi muda wote ule nilidhani ni urembo. Akasoma kwa sauti wakati daktari anaingia: "Saa 9 zilibaki mililita 375. Sasa hivi zimebaki 100. Zimeingia 275 kwa dakika 20. Zilitakiwa ziingie 21."

Mililita 21! Mimi nimeingiza 275. Piga mwenyewe hesabu, ni kama mara 13 ya mwendo uliopangwa. Maji ambayo moyo wa mzee ulipaswa kuyapokea kwa zaidi ya saa 4, niliyasukuma kwa dakika 20, kisa Sinza.

Daktari akaweka mashine yake ya kusikiliza kifuani, akasikiliza nyuma na mbele, akaagiza sindano ya furosemaidi, ile dawa ya kumkojoza mgonjwa ili maji yapungue mwilini. "Miligramu 40," akasema. Na hapa ndipo nilipoona jambo ambalo sijalisahau. Wale manesi wawili, pamoja na haraka yote ile, walisimama na kupiga hesabu kwa sauti kama watoto wa darasa la tatu. Mmoja akasoma kichupa: "Miligramu 20 ndani ya mililita 2." Mwingine akajibu: "40 gawanya kwa 20 ni 2. Vichupa viwili. Mililita 4." Wa kwanza akarudia, "Mililita 4." Ndipo bomba la sindano likavutwa. Dawa ikaingia taratibu.

Nikauliza moyoni, jamani hawa hawajui mpaka leo 40 gawanya kwa 20? Baadaye niliuliza kwa mdomo.

Babu alirudi. Nasema alirudi kwa maana halisi. Alikojoa sana, ile pumzi ya kupaliwa ikapungua kidogo kidogo, na kufikia magharibi alikuwa anaweza kusema maneno matatu bila kupumzika. Shangazi aliporudi na chupa yake ya uji, Sista alimwambia tu kwamba mzee alizidiwa kidogo na maji, sasa anaendelea vizuri. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, nikisubiri kuchinjwa. Sikuchinjwa. Mtoto wa Sinza naye alikwishaniandikia ujumbe mmoja mfupi ambao siwezi kuurudia kwenye gazeti la heshima.

Usiku ule sikuondoka. Shangazi alishangaa mjukuu kageuka malaika ghafla. Kumbe malaika anaogopa kufumba macho.

Saa 5 usiku wodi ilipotulia, nilimfuata Sista kwenye meza yake. Nikamwambia shikamoo mara ya pili siku hiyo hiyo. Nikamwomba msamaha. Akaniangalia, akavuta kiti. "Kaa. Hisabati ulipata ngapi kidato cha nne?"

"F, Sista."

"Ndiyo maana."

Akatoa pakiti tupu ya mpira wa dripu kutoka kwenye kikapu, akanionyesha maandishi madogo ambayo huwa hakuna anayeyasoma. Pale pameandikwa matone mangapi yanatimiza mililita moja. Kwa mpira ule yalikuwa 20. Akaniambia ipo na ya matone 10 na ya 15, na ile ya watoto wadogo tone lake ni jembamba kabisa, 60 ndiyo mililita moja. Kwa hiyo mtu akikuambia "dripu inadondoka matone 20 kwa dakika" bado hajakuambia kitu. Kwa mpira wa 20, hiyo ni mililita moja. Kwa mpira wa mtoto, hiyo ni theluthi tu ya mililita.

Kisha akachukua kalamu, akaandika nyuma ya boksi la glavu. Na mimi nawaandikieni kama alivyoniandikia.

Maji ni mililita 500. Kila mililita ina matone 20. Zidisha, unapata matone 10,000 ndani ya chupa ile. Daktari ameagiza yaingie kwa saa 8. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya 10,000 kwa 480, unapata 20 na ushee, sema 21. Matone 21 kwa dakika. Nesi anasimama na saa yake, anahesabu robo dakika. Akipata matone 5, anajua yuko sawa, anaondoka. Akipata 10, anakaza. Akipata 2, anaangalia kama mpira umejikunja au mgonjwa ameulalia mkono.

"Wewe uliona tone linapumzika," Sista akasema. "Mimi niliona tone linafuata agizo."

Nikamuuliza, na yule wa bodaboda je? Mbona yake ilikuwa inakimbia? Akacheka. Akaandika tena. Yule ana kilo 50, maji yamemwisha mwilini kwa kuharisha, damu imebaki nzito, karibu azime. Mtu wa namna ile anahesabiwa mililita 100 kwa kila kilo. Yaani lita 5 kwa saa 3, tena lita moja na nusu ya kwanza inaingia ndani ya nusu saa. Kwake yeye kuchelewa ndiko kungemuua. Babu yako hakuwa amekauka kiasi kile, alikosa chakula, na moyo wake ni pampu ya zamani. Ukiipa maji mengi kwa mpigo inashindwa kuyasukuma, yanarudi mapafuni. Mtu anazama akiwa juu ya godoro.

Msomaji wangu, neno hilo lilinikaa. Anazama akiwa juu ya godoro.

Baadaye nilikwenda kusoma mwenyewe, maana nilitaka kujua kama nilikuwa mjinga peke yangu. Nikakuta kwamba hata wakubwa wa dunia ya tiba walipata somo hapa hapa kwetu. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, ikiwemo Muheza kule Tanga. Watoto 3,141 waliokuja hospitali na homa kali na damu isiyozunguka vizuri, wengine walipewa maji ya haraka kwenye mshipa kama vitabu vya wakati ule vilivyoshauri, wengine hawakupewa hayo ya haraka. Kila mtu alidhani wa maji ya haraka watapona zaidi. Ikawa kinyume. Kufikia saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka walikufa kama 10 hadi 11. Kwa wasiopewa, walikufa 7. Wale hawakuwa watoto wa kuharisha, maana wa kuharisha kama yule wa bodaboda hesabu yao ni nyingine. Lakini somo ni lile lile: maji ni dawa, na dawa ina kipimo.

Nikamuuliza Sista lile swali la 40 gawanya kwa 20. Akaniambia, "Mwanangu, hesabu ngumu hazituui, maana kila mtu anazikagua. Zinazotuua ni nyepesi." Akanieleza kuhusu nukta. Daktari akiandika nusu miligramu, lazima aanze na sifuri: 0.5. Akiacha sifuri, nukta ikififia kidogo, nesi anasoma 5, mgonjwa anapata mara 10. Na akitaka miligramu 5 asiandike 5.0, maana mwingine atasoma 50. Nukta moja, ndogo kuliko mbu. Ndiyo maana wanasomeana kwa sauti wawili wawili, hata kama ni 2 jumlisha 2.

Babu alikaa wodini siku 4 zaidi, akaruhusiwa. Siku ya kutoka, nikiwa namfunga kamba za viatu, aliinama akaninong'oneza: "Mjukuu wangu, mlima haupandwi kwa gia kubwa."

Nikainua uso. Alikuwa ananiangalia kwa jicho la dereva aliyemwona utingo wake akichezea breki. Kumbe aliniona! Aliniona nikisukuma kile kigurudumu, hakusema kitu wakati ule kwa sababu aliamini mjukuu wake anajua anachofanya. Na hakusema kitu baadaye kwa sababu alitaka kunisitiri. Mpaka leo hajamwambia Shangazi. Hilo ndilo linalonichoma kuliko makofi yote.

Sasa mngedhani yameishia hospitalini. Hapana. Juzi juzi nilikwenda kwa dada yangu, nikamkuta mwanawe ana homa. Dada alikuwa anampa parasetamoli ya maji, kijiko kimoja, kama alivyozoea siku zote. Zamani hata nisingetazama. Safari hii nikaichukua chupa nikasoma, nikahisi baridi mgongoni. Chupa yake ya zamani ilikuwa na miligramu 120 kwa kila mililita 5. Hii mpya, aliyonunua duka la dawa la mtaani, ilikuwa na miligramu 250 kwa mililita zile zile 5. Boksi linafanana, picha ya mtoto anacheka ile ile.

"Dada, mtoto ana kilo ngapi?"

"Kadi ya kliniki inasema 12. Kwani vipi?"

Nikaomba kalamu. Mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Kwa kilo 12 ni 120 hadi 180. Kwa chupa ya zamani kijiko cha mililita 5 kilikuwa sawa. Kwa hii mpya, kijiko hicho hicho ni 250, kimepita. Tena dada alikuwa amepanga kumpa kila baada ya saa 4, usiku na mchana, yaani mara 6. Hiyo ni miligramu 1,500 kwa siku, wakati hata kipimo cha juu kabisa, 180 mara 4, ni 720. Na dawa hii inayoonekana ya kawaida kama pipi, ikizidi inashambulia ini.

Bahati nzuri alikuwa amempa mara moja tu. Tukaondoka naye na chupa yetu mkononi mpaka kwa mfamasia. Akampima, akapiga hesabu, akapata vile vile, akatupa bomba dogo la plastiki lenye mistari badala ya kijiko cha jikoni, maana vijiko vya jikoni navyo kila kimoja na tumbo lake. Akasema mililita 3, zisizidi 3 na nusu, mara 4 kwa siku mwisho, na homa isiposhuka mtoto apelekwe hospitali.

Dada akanitazama kama mtu aliyemwona mbuzi anasoma gazeti. "Wewe hesabu umejifunza wapi? Si ulipata F?"

Nikazuga, nikasema nimejifunza tu mtaani. Hapo ndipo nilipojua kwamba siri hii lazima niitoe. Nitajisifu vipi kwa jibu, wakati naficha jinsi nilivyolipata swali?

Kwa hiyo wewe kijana mwenzangu, ukiachwa zamu kitandani kwa mgonjwa, kigurudumu kile si chako. Ukiona dripu inakwenda polepole, au inakwenda mbio, au imesimama, muite nesi umuulize. Hatakuuma. Ukiwa na chupa ya dawa ya mtoto nyumbani, soma miligramu ngapi kwa mililita ngapi, mjue mtoto ana kilo ngapi, na hesabu ikikutatiza rudi kwa aliyekuuzia. Na ukikosea, sema umekosea, tena sema saa ngapi. Hiyo nayo ni tarakimu, daktari anaihitaji.

Shangazi, najua sasa umesimama. Jumapili nitakuja mwenyewe, na fimbo unaijua ilipo. Babu yeye bado yupo, anakula uji wake, na bado ananisitiri. Naomba tu ukianza kunichapa, uchape taratibu. Kama ni fimbo 21, basi iwe kwa dakika nzima.